Koti la Mvua la Mwalimu Bharti

Mimi Mardhiya nimeuza makoti ya mvua ya waendesha pikipiki miaka mingi kuliko niliyoishi kwetu Vuga, na pikipiki yenyewe sijaipanda hata siku moja. Watu wakinicheka nawajibu kwamba muuza sanda naye hajafa. Duka lilikuwa Harrow, London, karibu na stesheni, mali ya Bwana Gurdial, Singasinga wa Nairobi. Yeye ndiye aliyekuwa mpandaji hodari, lakini mwaka ninaousimulia serikali ilitoa sheria ya kuvaa helmeti, na kilemba chake hakikuingia ndani ya helmeti, wala yeye hakuwa mtu wa kukivua. Akaacha kupanda, akaendelea kuuza. Kwa hiyo ukija kwetu ulikuta wauzaji wawili, mmoja hajapata kupanda na mwingine hapandi tena, na wote wawili tunakushauri.

Aliniajiri nishone mishono iliyofumuka. Siku moja akanisikia nikigombana na mteja aliyetaka kurudisha koti baada ya kulivaa msimu mzima. Kesho yake akanihamishia kaunta.

Wahindi waliofukuzwa Uganda walikuwa wamefika mwaka uliotangulia, wakawakuta wenzao wa Kenya wameshatangulia kununua nyumba. Ukifumba macho katika foleni ya mboga pale Harrow ungedhani uko Kisumu. Sisi Wazanzibari tulikuwa huku kabla yao, na sababu zetu zilifanana na zao, ila hakuna aliyetupigia picha uwanja wa ndege.

Mwanamke mmoja akaingia dukani mchana wa mvua. Mfupi, ana miwani, sari ya samawati imelowa mpaka magotini, helmeti kaikumbatia kifuani. Alitiririsha maji kwenye sakafu yangu niliyoipiga deki asubuhi ile. Nikasema kwa Kiswahili, nikijisemea tu, "Huyu naye kaogelea kutoka wapi?"

"Kutoka Wealdstone, dada," akajibu. "Na sijafika bado."

Nilicheka mpaka Bwana Gurdial akatoka stoo kutazama. Nikamletea taulo na kiti, nikamwuliza jina lake. Ndivyo nilivyomjua Bharti.

Alikuwa mwalimu wa Kisumu, mtoto wa muuza vitambaa. Alikuja London na mumewe kabla mambo ya Kenya hayajawabana zaidi, na cheti chake cha ualimu hakuna aliyetaka kukisoma hapa. Asubuhi alifunga biskuti kiwandani. Mchana alizunguka nyumba kwa nyumba, bure, akiwafundisha Kiingereza wanawake wa Uganda waliokaa ndani na mapazia wameyafunga. Nyumba zile zilikuwa mbalimbali, mabasi hayaelewani, naye akanunua pikipiki ndogo kwa jirani, ile ya kuingiza mguu katikati bila kuurusha juu, inayofaa mtu wa sari.

"Kwani lazima sari?" nikamwuliza. "Si uvae suruali kama wenzako wa huku?"

"Nikienda na suruali, wazee wa nyumba watanipa chai na vitafunio vya chevda, watanisifu, lakini binti yao hawanipi nimfundishe. Nikiwa na sari mimi ni mtoto wao."

Nikamwambia basi angojee mvua ipite ndipo aondoke. Akanitazama kwa huruma.

"Wiki ya kwanza nilifanya hivyo. Kisumu mvua ikija unaingia kibarazani, inapiga, inaisha, unaendelea na safari. Nikasimama chini ya turubai la bucha nikingoja. Nimesimama, mwenye bucha akafunga, akaniaga, akaenda kwake. Dada, hii mvua yao haina mwisho kwa sababu haina mwanzo."

Hapo nikampenda. Wengi wetu tulisimama vibarazani mwaka wa kwanza, tukingoja mvua ya London imalize shughuli zake.

Sasa, wateja wengi huja kununua koti la mvua kama wanavyonunua viazi. Wanalishika, wanauliza bei, wanatoka. Bharti alilichunguza koti kama daktari anavyomchunguza mtoto. Alipuliza pumzi katika kitambaa kuona kama inatokea upande wa pili. Aligeuza mikono ndani nje akifuata mshono kwa kidole. Aliuliza maji hupita wapi, kwenye kitambaa au kwenye tundu za sindano, na kama ni kwenye tundu, mbona uzi hauzibi? Nilishona tangu utoto na sikuwahi kujiuliza. Tulikaa tukatia tone moja la maji juu ya mshono tukilitazama, watu wazima wawili, mpaka likazama.

Alijaribu kwanza koti la turubai lililopakwa nta, ambalo wapandaji wa Kiingereza wanaliapia. Akalifuta kwa kitambaa cheupe, kitambaa kikatoka na weusi. "Hili litanilinda na maji, halafu nani atailinda sari na hili?" Akalirudisha.

Akajaribu koti la mpira lenye suruali yake. Suruali juu ya sari haikukubali, tukaishia kucheka chumba cha kujaribia, pindo zimejaa miguuni amevimba kama kitumbua. Koti peke yake alilivaa akapanda pikipiki mpaka Wealdstone na kurudi. Alipolivua, mgongo wake ulikuwa chepechepe.

"Limevuja?" nikauliza.

"Halijavuja. Hii ni mvua yangu mwenyewe." Akanusa mkono wa koti, hakuchukia hata kidogo, alifurahi kama aliyegundua kitu. "Kwa hiyo mtu huloa kutoka pande mbili. Ya nje unaizuia, na ukiizuia sana unaipata ya ndani."

Karibu na mlango tulitundika makoti ya plastiki nyepesi, yale unayoona ndani yake kama chupa. Tuliwauzia wanaokwenda kutazama mpira. Bharti akayauliza.

"Hayo si makoti," nikamwambia. "Hiyo ni mifuko ya mkate yenye mikono. Ukiongeza mwendo tu inapasuka. Rahisi huvunja upishi, bibi."

Akakubali, akaendelea mpaka nyuma ya duka, na huko ndiko alikolikuta lile koti.

Lilikuwa la jeshi, la matarishi wa pikipiki wa wakati wa vita. Bwana Gurdial alinunua mzigo wake mnadani akanisisitiza niyapange mbele, nami kila asubuhi nikayasukuma nyuma. Refu, la kijani kizito, tabaka mbili za kitambaa na mpira katikati. Chini lilikuwa pana, na pindo zake zilikuwa na vifungo vya kufungia kuzunguka kila paja, likawa kama suruali bila kuwa suruali. Bharti alilivaa juu ya sari, akaenda moja kwa moja kwenye pikipiki ya maonyesho dirishani, akakaa.

"Kwa nini unakaa?" nikamwuliza.

"Kwa sababu nitakaa, dada. Nyinyi mnampimia mtu koti amesimama kama anakwenda harusini. Tazama, nikinyoosha mikono, mikono ya lile la mpira ilirudi mpaka hapa. Maji yangeingia glavu zangu. Hili halirudi." Akaniomba kikombe cha maji, akakimimina pajani mwake. Maji yakakaa pale kama bakulini. Tukangoja. Akaingiza mkono chini, akautoa mkavu, akanionyesha.

Alilichukua. Nikamkatia mikono ya koti na kumpandishia pindo, maana lilishonwa kwa mtu mrefu. Kazi nzuri, nimeifanya mwenyewe. Lakini koti lile sikulipenda. Kila nilipolipitisha chini ya cherehani moyo ulikuwa mzito, nikadhani ni harufu yake ya bohari.

Katika wanafunzi wake wote alimzungumzia zaidi mmoja, Kalpana, mke wa Harish, aliyekaa Stanmore. Alikuwa binti wa Jinja, na hapa London alikuwa na mtoto mchanga. Tangu afike alitoka nyumbani kwa safari ya kliniki tu, na huko kliniki aliitikia kwa kichwa kila alichoambiwa. Nesi aliuliza mtoto anakohoa, akaitikia. Nesi akauliza mtoto hakohoi, akaitikia. Bharti alimfundisha kusema mtoto anaumwa wapi. Alikuwa ameanza kuthubutu. Wiki moja alimwambia nesi mwenyewe, kwa sentensi nzima, kwamba mtoto halali kwa sababu ya sikio. Bharti alikuja dukani kunisimulia sentensi ile kana kwamba mtu kapasi mtihani wa Cambridge.

Kisha ikaja mvua kubwa ya kwanza tangu anunue koti. Siku iliyofuata Bharti akaingia na koti limekunjwa ndani ya mfuko, akaliweka kaunta, akakaa. Nikamletea chai.

"Limevuja?" nikasema, maana hilo ndilo swali letu.

"Halikuingiza hata tone," akasema. "Nilifika Stanmore mkavu kama niliyetoka kabatini. Nikagonga."

Mlango haukufunguliwa. Aliona pazia likitikisika, kisha akasikia mlango wa nyuma ukibamizwa. Kisha akamsikia mtoto analia ndani. Akangoja, akagonga tena, mtoto anazidi. Akazunguka nyuma kupitia uchochoro wa pipa za taka. Jikoni kulikuwa wazi, mtoto yuko kitandani mwake peke yake, amekuwa mwekundu kwa kulia. Kalpana alikuwa nje bustanini, amejibanza nyuma ya kibanda cha makaa, miguu mitupu, mvua inampiga kichwani.

"Nikavua helmeti," Bharti akasema. "Nikamwita jina. Akanitazama mimi, halafu akatazama mikono yake. Mitupu. Dada Mardhiya, alikimbia akamwacha mtoto. Akajua kwamba mimi nimejua."

Harish ndiye aliyemweleza yaliyobaki. Siku walipokuwa wanaondoka Uganda, kwenye kizuizi cha njia ya Entebbe, askari waliwateremsha garini. Mvua ilikuwa ikinyesha na askari wamevaa makoti marefu ya kijani. Walimvua Kalpana bangili, na kilichofuata Harish hakukisema wala Bharti hakuuliza. Mtoto alikuwa bado tumboni.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na mimi mlango wetu wa Vuga uliwahi kugongwa na watu wa bunduki, mama akazima taa na kutuziba midomo kwa kanga. Nililitazama lile koti pale kaunta nikajua kwamba sikulichukia kwa harufu yake. Nililikamata nikalitupa stoo. Bwana Gurdial akaniangalia, akaufunga mlango wa stoo.

Tangu hapo Kalpana hakufungua. Bharti alikwenda kwa basi, akenda kwa miguu, amevaa sari ile ile na ameshika mwavuli, na kila mara Harish au jirani alimwambia Kalpana amelala. Woga wa askari ulikuwa umekwisha. Kilichobaki ni aibu, nayo ni ngumu zaidi kubisha hodi mlangoni mwake. Kliniki Kalpana akarudi kuitikia kwa kichwa. Mwishowe Harish akamwambia kwa adabu, akimwita dada kwa lugha yao, "Bharti-ben, njoo Alhamisi mara moja tena. Asipofungua, tumwache apumzike." Na sote watu wa kwetu tunajua kumwacha mtu apumzike ni kumwacha kabisa.

Basi akaja kwangu Jumatano. "Nichagulie koti," akasema.

"Lipi? Tumeyajaribu yote."

"Tumeyajaribu kwa mvua. Hatukuyajaribu kwa dirisha."

Sikumwelewa mpaka aliponivisha. Alinitoa nje barabarani, mimi mtu mzima na mtandio wangu, akanipachika helmeti kichwani, akaniambia nitembee mpaka kwenye kioo cha duka kama ninayekuja kwa watu. Yeye alisimama ndani, nyuma ya pazia la maonyesho, ananichungulia. Bwana Gurdial alisimama nyuma yake. Nilikwenda na koti la mpira jeusi. Akatikisa kichwa. "Mwizi," akasema nilipoingia. Nikaenda na la nta. "Polisi." Nikaenda na la manjano, la wavuvi. "Mtu wa kuchimba barabara, amekuja kukata maji." Wapita njia walisimama kunitazama, na mimi nilikuwa nimekasirika hasa, kwa sababu kila nilipoingia nilikuwa mtu mwingine na hakuna aliyekuwa na heri.

Nikaondoa koti la plastiki mlangoni, nikalivaa kwa hasira, nikatoka. Gauni langu la maua likaonekana lote, mtandio, mkufu wangu, na soksi ambazo hazikufanana. Nikaja mpaka kwenye kioo.

Bharti akanifungulia mlango. "Huyu ni wewe," akasema. "Nimekuona tangu pale."

"Litapasuka," nikasema.

"Najua."

"Utaloa."

"Nitaloa. Mimi nitakauka, dada."

Nikalishona upya mabegani kwa utepe wa plastiki, nikijua ninapoteza utepe.

Alhamisi ilinyesha tangu alfajiri, na upepo juu yake. Bharti aliniomba niende nami. Nilipanda basi mpaka Stanmore nikasimama kituoni, ng'ambo ya nyumba ya Harish, nyumba pacha na ya jirani kama zote za mtaa ule. Pazia la juu lilikuwa limefungwa. La chini lilikuwa na ufa mdogo pembeni.

Nikasikia pikipiki kabla ya kuiona. Ilipokata kona niliona utepe wangu umeshindwa. Koti lilikuwa limechanika kutoka begani mpaka kiunoni na upande mzima unapepea nyuma, na ile sari ya samawati imemgandama mwilini kama iliyotoka kufuliwa. Lakini ilikuwa sari. Mtoto mdogo angeiona kutoka mwisho wa mtaa.

Akazima pikipiki mbele ya geti. Akavua helmeti, akaishika mkononi. Nikangoja apite, agonge. Hakupita. Alisimama nje ya geti, maji yanamtiririka usoni, miwani haioni kitu, anatazama lile dirisha. Nikaelewa kwamba alikuwa ameamua kutogonga. Kugonga kulikuwa kazi ya wale watu wa bunduki.

Nilikasirika tena. Nilitaka kuvuka niugonge mlango mimi, niupige teke, niseme fungua, mwenzio atapata kichomi. Nikajizuia kwa kushika nguzo ya kituo. Basi langu la kurudi likaja, nikalipungia liende.

Ule ufa wa pazia ukapanuka. Ukafungwa. Muda ukapita mpaka nikaanza kutunga nitakachomwambia Bharti njiani, kwamba umejaribu, kwamba wanafunzi wengine wapo. Bharti akapiga chafya. Akajifuta pua kwa ncha ya sari iliyolowa, jambo lisilosaidia.

Mlango ukafunguliwa.

Kalpana alikuwa msichana kuliko nilivyodhani. Alitoka bila mwavuli, na mwanzo sikuona ana nini, kwa sababu alikuwa amejifunika shali kubwa mpaka kidevuni. Akashuka ngazi, akapita kijia chote mpaka getini. Hapo shali ikasogea nikaona kichwa cha mtoto. Alikuwa amemshika kwa mikono yote miwili, amembana kifuani, na taulo likining'inia begani. Akasimama mbele ya Bharti mvuani, mtoto kati yao, akihakikisha kwamba ameonekana naye.

Kisha akasema kwa Kiingereza, neno moja baada ya jingine, sauti ikinifikia ng'ambo ya barabara. Alimwambia mwalimu aingie ndani, amelowa.

Bharti akalichukua taulo, akamfunika mtoto kwanza.

Wakaenda ndani wamebanana vile, helmeti ikabaki juu ya nguzo ya geti ikikusanya maji. Mlango wakauacha wazi na mvua ikawa inaingia ukumbini, inalowesha zulia, na hakuna aliyerudi kuufunga. Nikavuka barabara, nikaichukua ile helmeti, nikaingia, nikaufunga nyuma yangu.